Macho ya Geti la Haji Sanad

Mimi kazi yangu ni kahawa. Harusi, msiba, posa, sulhu, mtu katoka jela, mtu karudi Makka, huko kote utanikuta nimesimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na hakuna anayenitazama usoni. Wakubwa hudhani mwenye dele ni sehemu ya dele. Kwa hiyo nimesikia mengi hapa Karak, na mengi nimeyasahau kwa hiari yangu. Hili la Dhaifallah fundi mageti sijalisahau, wala sina nia ya kulisahau.

Dhaifallah alikuwa mtu mfupi, mpana wa kifua, masharubu yamekaa kama brashi ya viatu. Alianza kwa kuchomelea vyuma, akaenda nchi za Ghuba kutafuta kazi kama wanaume wa huku wanavyokwenda, akarudi na ufundi wa mageti yanayofunguka yenyewe. Alirudi wakati mzuri. Kilima cha Marj kilikuwa kinajaa majumba ya mawe meupe, na kila mwenye jumba alitaka aingie kwake bila kushuka garini. Dunia hii! Mtu babu yake kazaliwa kwenye hema lisilo na mlango, leo mjukuu mkono hauwezi kusukuma geti.

Kazi yake ilikuwa na mwendo wake, na hakukubali kuharakishwa. Hakuanza na mota. Alianza na bawaba. Alilisukuma bawa la geti kwa kidole kimoja, na kama lilikwaruza au kuning'inia, alifunga mkoba wake wa spana akamwambia mwenye nyumba amwite mchomeleaji kwanza, kwa sababu mota haikuumbwa kubeba dhambi za bawaba. Likishakaa sawa ndipo alifunga mikono ya mota, mmoja kila bawa, kisha kisanduku cha umeme ukutani, taa ya kuwaka na kuzima juu ya nguzo, na mwisho yale macho. Macho ni vidude viwili vinavyotazamana, usawa wa goti, na mwanga usioonekana unapita katikati yake. Kikipita kitu, mtu au paka, geti husimama.

Halafu alifanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Alisimama yeye mwenyewe njiani, akayaziba macho kwa kitambaa, akabonyeza rimoti, akaliacha bawa lije limguse kifua. Likimgusa likasita, likarudi nyuma, hapo ndipo aliposema alhamdulillahi na kuomba chai. Lisiporudi mara moja alichukua bisibisi akapunguza nguvu, akasimama tena. Watu walimcheka sana.

"Abu Rand," nilimwuliza siku moja, nikimwita kwa jina la binti yake, "siku likikataa kurudi je?"

"Likatae kwangu," alinijibu, "kuliko likatae kwa mtoto wa mtu."

Kila masika yakianza alizunguka mageti yake yote kama daktari wa mifugo. Alifungua visanduku akatoa viota vya sisimizi, maana sisimizi wanapenda joto la umeme, akatoa mijusi iliyokauka juu ya nyaya, akapaka grisi, akayapangusa macho kwa kitambaa chenye siki. Alikuwa na mke, Umm Rand, na mtoto mmoja tu, huyo Rand, aliyepatikana baada ya miaka mingi ya dawa na dua. Rand alikuwa na miaka tisa. Alisoma shule iliyoko juu kilimani, na basi la shule lilikuwa likiwashusha kwenye barabara ya Haji Sanad, wakashuka kwa miguu kando ya ukuta wake.

Sasa huyo Haji Sanad. Mwenye machimbo ya mawe, mwenye magari saba, mwenye ukoo mzima unaokula kwake. Sina la kumsifu na siogopi kusema hivyo, mdomo ni wangu. Alipojenga alitaka geti lake lifunguke kwa nje, juu ya njia ya watu, kwa sababu uani kwake magari yalikuwa yamebanana. Dhaifallah alikataa. Nilikuwepo, tulikuwa tunazindua nyumba.

"Haji, bawa litafagia njia nzima mpaka ukutani," alisema. "Lifunguke ndani."

"Na magari yangu niyaweke wapi, kichwani kwako?"

"Haji, barabara ni ya watu."

"Na watu ni wa nani?" akauliza Haji Sanad, na waliokuwa wamekaa wakacheka, kwa sababu nusu yao walikuwa wanalipwa naye.

Basi Dhaifallah akalifunga hivyo hivyo, lakini akaweka macho mengine upande wa nje, kulinda njia. Akasimama, likamgusa, likarudi. Akanywa chai. Geti likakaa mwaka mzima salama.

Balaa lilikuja na kondoo. Haji Sanad alikuwa amemwalika Basha, yule jenerali mstaafu ambaye hapa kwetu hakuna posa inayokwenda wala damu inayosamehewa bila yeye kutangulia. Mansafu, wali wetu wa nyama na mtindi, imeiva, mimi niko barazani na dele langu, wanaume wengi wamekaa. Gari la Basha likafika nje ya geti, na kundi la kondoo likafika pamoja naye, likijipitisha ukutani kwa starehe zake. Rimoti ilibonyezwa na geti likasita. Ikabonyezwa tena, geti likaanza, kondoo mwingine akapita, likasita. Juu ya hayo upepo wa Karak ulikuwa unavuma, na ukilisukuma bawa kwa nguvu, mota hudhani imegusa mtu, ikarudi nyuma. Basha alikaa ndani ya gari lake mpaka kondoo wa mwisho akapita na mchungaji akamwamkia.

Alipopanda barazani alikuwa anatabasamu, na tabasamu la mkubwa ni baya kuliko kofi.

"Sanad, ndugu yangu," akasema, "hii nyumba yako au ya kondoo? Niambie, nijue ni nani wa kumsalimia kwanza."

Wakacheka wote. Haji Sanad akacheka pia, masikio yamemwiva. Hata hajaketi vizuri akampigia simu Dhaifallah, na Dhaifallah, maskini, akaja mbio na mkoba wake akidhani kitu kimeharibika.

"Fundi," Haji Sanad alimwambia mbele ya baraza nzima, "hilo geti umelifunga kwa ajili yangu au kwa ajili ya mifugo?"

"Limefanya kazi yake, Haji. Limeona kitu, limesimama."

"Sitaki lione! Toa hayo macho ya nje. Na kaza nguvu, lisiwe linaogopa upepo kama bibi harusi."

"Haji, nikifanya vyote viwili halitasimama kwa lolote. Hapo ni njia ya watoto wa shule."

"Watoto wana macho yao."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Abu Rand, weka mbwa basi, awe anabweka!" Vicheko. Dhaifallah alisimama pale na mkoba wake, jasho linamtoka, hakuna aliyemkaribisha kukaa, na mimi nilimpelekea finjani nikaambiwa kwa jicho nisimpe.

"Sikiliza," Haji Sanad akasema kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa. "Mageti yote ya kilima hiki ni ya ndugu zangu na wakwe zangu. Usipolifanya hili, hutagusa geti Marj maisha yako."

Dhaifallah akaweka mkoba wake chini. Kisha akafanya kama wafanyavyo watu wetu tangu enzi za mahema. Akageukia baraza, akainua mkono.

"Jamaa, nawashuhudisha. Kwa amri ya Haji, si kwa rai yangu. Basha, unashuhudia?"

"Nimeshuhudia, nimeshuhudia," Basha akasema, mchuzi unamtiririka vidoleni, na wengine wakaitikia kwa mzaha, "Tumeshuhudia, fundi, nenda!"

Akaenda. Nilimwona kutoka barazani akichuchumaa kwenye nguzo, akifungua macho yale mawili na kuyatia mfukoni. Kisha akakaza nguvu kwa bisibisi. Alipomaliza alibonyeza rimoti, na geti likafunguka mara moja mpaka mwisho, kwa kishindo. Hakusimama mbele yake. Alipita pembeni akaenda zake, na chai hakuomba.

Ilikuwa siku ya mvua. Basi liliwashusha wasichana watatu, wakakimbilia ukutani kwa Haji Sanad kujikinga chini ya ukingo wa mawe. Dereva wa Haji, akitokea ndani na gari, akabonyeza rimoti akiwa bado anawasha vifutio vya kioo. Wawili waliona taa ya nguzo inawaka wakaruka. Rand alikuwa ameinama anaokota kofia yake. Bawa lilimkuta hapo, likamsukuma mpaka ukutani, na kwa kuwa lilikuwa limeamriwa lisiogope, likaendelea kusukuma.

Dereva akabonyeza kufunga, mota ikagoma. Wakavuta watu, hawakuweza. Kuna ufunguo mdogo wa kuiachilia mota, na ufunguo huo hukaa kwa fundi. Basi wakampigia fundi. Mambo ninayowaambia ni ya kweli kwa jinsi nilivyoyasikia kwa aliyepiga simu mwenyewe, naye alikuwa analia.

"Abu Rand, geti limekwama, njoo haraka."

"Limekwama na nini?"

Yule akakata simu. Dhaifallah akaja, akapita katikati ya watu ufunguo umeshatoka kiunoni, mkono uko tayari, akaona viatu.  Aliachilia bawa la kulia, akalirudisha kwa kidole kimoja, kwa sababu bawaba zake zilikuwa hazina kasoro.

Tulimzika Rand siku ya pili na mvua haijaisha. Kabla udongo haujakauka, mji ulikuwa umeshapata la kusema. Fundi kamuua binti yake kwa mikono yake. Katoa macho, si ndiye fundi? Polisi walipomwuliza Haji Sanad alifungua viganja: "Mimi najua nini habari za mota? Mwulizeni aliyelifunga." Waliponijia mimi niliwaambia yote, neno kwa neno, mpaka habari ya kondoo. Mpelelezi akanisikiliza, akaniuliza nani mwingine alisikia. Nikamtajia baraza nzima. Akawauliza. Ajabu ya Mungu, siku ile wote walikuwa wanakula, na mtu anayekula mansafu hasikii.

Umm Rand alivumilia siku tatu za msiba. Wanawake walimwambia yaliyokuwa yanasemwa mjini, na wengine walimwambia kwa kumhurumia, ambayo ni njia chafu zaidi. Siku ya nne alimkabili mumewe.

"Ulikuwa husimiki geti usilosimama mbele yake. Lile ulisimama?"

"Sikusimama."

"Kwa nini?"

"Aliniamrisha mbele ya watu, Umm Rand. Wapo waliosikia."

"Basi aseme. Aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu hao hao, kwamba ni yeye. Siku akisema nitarudi kwako, na nitakuosha miguu. Asiposema, mimi nitakuwa nimelala na aliyemuua mwanangu, na sitaweza." Akafunga nguo zake akaenda kwa baba yake, mtaa wa pili.

Tangu siku ile Dhaifallah hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka fidia wala hakutaka Haji Sanad afungwe. Alitaka sentensi moja. Geti hakugusa tena. Alikaa barazani kwake, akisubiri, kwa sababu alijua watakuja. Mwendesha mashtaka alikuwa amesema jalada halifungwi mpaka wafiwa wasamehe, na Haji Sanad hakuwa mtu wa kukaa na jalada.

Watu wa Haji Sanad wakatuma habari kuwa Basha ataleta ujumbe wa sulhu. Nyumba ya Dhaifallah ni ndogo, wakasimamisha turubai uwanjani, viti vya kukodi, na mimi nikaitwa kwa kahawa. Kwa desturi yetu mfiwa hasemi mwenyewe. Husema mkubwa wa ukoo, na mkubwa wao alikuwa kaka yake, Hamdan, anayeendesha lori la maji, na wanawe wawili wanavunja mawe kwenye machimbo ya Haji Sanad. Asubuhi ile Dhaifallah alimshika kaka yake mkono mbele yangu.

"Kaka, wakishusha finjani chini, usiwaambie wanywe. Mwambie Sanad aseme kwanza. Akisema, wape kila kitu, hata mimi wape."

"Wallahi hawatatia mdomo mpaka aseme," Hamdan akajibu, na akashika masharubu yake. Huku kwetu mtu akishika masharubu ameweka rehani uso wake.

Walikuja mia mbili au zaidi, majoho meusi yenye ukingo wa dhahabu, magari yamejaa mpaka msikitini. Sijaona ukubwa mwingi vile umebanwa kwenye uwanja mdogo vile. Haji Sanad alikaa mkono wa kulia wa Basha, kichwa kimeinama, kama alivyofundishwa. Nikamimina. Kwanza Basha. Akaipokea finjani, hakunywa, akaiweka chini mbele yake. Na wote nyuma yake wakaweka chini. Hapo ndipo shughuli ilipo. Kahawa ikiwa chini, mgeni ni mwombaji, hata awe nani, na mwenye nyumba ndiye mfalme. Kahawa ikinyweka, ombi limekubaliwa na neno limekwisha. Nilimtazama Dhaifallah. Alikuwa amekaa mwisho wa safu, mgongo umenyooka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona uso wake una damu.

Basha akasimama. Akamhimidi Mungu, akamswalia Mtume, akasema habari ya majaliwa, kwamba hakuna jani linaloanguka bila idhini Yake. Macho ya geti hakuyagusia. Kisha akageuka.

"Nasi tumekuja mlangoni kwako, Sheikh Hamdan."

Sheikh! Dereva wa lori la maji! Nilimwona Hamdan anavimba pale pale kitini. Maisha yake yote watu walimwita "we wa maji," na leo Basha kamwita sheikh mbele ya koo zote za Karak.

"Sheikh Hamdan, baba yenu alikuwa bahari ya ukarimu. Tunajua mtoto wa simba ni simba. Kahawa yetu iko chini, na uso wetu uko mikononi mwako."

Hamdan akasimama. Nikamwona anaangalia upande wa mdogo wake, mara moja, haraka. Kisha akaangalia majoho.

"Kunyweni kahawa yenu!" akanguruma. "Mlilolijia mmelipata, na fidia tumeisamehe, kwa ajili ya Mungu, na Mtume wake, na Basha wetu!"

"Hapana!" Dhaifallah alikuwa ameshasimama. Sauti ilimtoka nyembamba, si ya kifua kile. "Msinywe. Nawaombeni, msinywe bado. Haji Sanad aseme kwanza nani aliamuru macho yatolewe. Neno moja tu. Basha, wewe ulikuwepo. Nilikuuliza ukasema umeshuhudia."

Turubai ikasikika inapigwa na upepo. Mia mbili walikuwa wamekaa, na sio chini ya thelathini walikuwa barazani siku ya kondoo. Haji Sanad hakuinua kichwa. Mimi, nasema wazi, nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote mtu mmoja afungue kinywa.

Basha alimtazama Dhaifallah kwa huruma. Huruma kabisa, ndiyo iliyoniudhi. Akainama, akaokota finjani yake, akanywa. Na nyuma yake mia mbili wakaokota finjani zao wakanywa, na mlio wa midomo ile yote ikifyonza kahawa kwa pamoja ulipita juu ya yule mtu pale aliposimama.

Ikawa kelele za heri na baraka. Haji Sanad akasukumwa mbele, akambusu Dhaifallah kichwani, akarudi mahali pake. Mzee mmoja akamwambia Hamdan kuwa Haji ni mtu wa utu, amemjia fundi nyumbani kwake wakati angeweza kumshitaki. Hamdan akashukuru. Naapa alishukuru!

Kisha Basha akaninyang'anya dele. Akamimina kwa mkono wake mwenyewe, akamfuata Dhaifallah mpaka mwisho wa safu, akamnyooshea finjani. "Kunywa, mwanangu. Tuliza moyo." Finjani ya mkono wa Basha haijawahi kukataliwa Karak. Tunafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusema. Mkono wa Dhaifallah uliinuka wenyewe, mimi niliuona, na uso wake ulikuwa mbali kabisa na mkono wake. Akanywa. Hata finjani aliitikisa, mara tatu, kama mtu mwenye adabu anayesema inatosha.

Magari yalipoondoka alikuwa bado amesimama. Hamdan alikuwa amewafuata wakubwa kwenye mansafu kwa Haji Sanad. Nikamshika mkono fundi, nikamwambia twende, na yeye mwenyewe akashika njia ya mtaa wa pili, nami nikamsindikiza kwa kuogopa ataanguka.

Umm Rand alikuwa mlangoni kwa baba yake. Alikuwa amevaa buibui la kutokea, na mfuko wa nguo uko miguuni pake. Alikuwa amejiandaa kurudi, yule mwanamke.

"Kasema?" akauliza.

"Wamekunywa," Dhaifallah akasema.

Akamtazama. Akayatazama masharubu yake yaliyolowa kahawa.

"Na wewe?"

Nilitaka kusema mimi. Nilitaka kumwambia Basha alimmiminia mwenyewe, kwamba mkono ni desturi, si moyo. Lakini hakuniuliza mimi.

"Na mimi," akasema.

Umm Rand akainua mfuko wake, akaingia nao ndani, akafunga mlango.